Likizo isimrudishe nyuma mwanamichezo wako

Shule zikifungwa Desemba, raba za michezo huingia uvunguni mwa kitanda. Mtoto aliyekuwa akikimbia kila jioni sasa anaamka saa nne na kushinda na simu. Januari anarudi uwanjani kwa kasi ileile, maana katikati ya mwaka kuna UMISSETA. Hapo ndipo misuli huvutika na vifundo huteguka.

Wazazi wa Kilakala wenye watoto wanamichezo, je, likizo apumzike kabisa au aendelee?

Jibu zuri limetoka kwa wapiga kasia. Mwaka 2009 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya wapiga kasia 14 wa kayaki wa kiwango cha juu, waliofuatiliwa msimu wa mashindano ulipokwisha. Kwa wiki 5, kundi moja liliacha mazoezi kabisa. La pili lilifanya mara 3 tu kwa wiki: 2 za pumzi na 1 ya nguvu. Walioacha kabisa walipoteza uwezo wa mwili kutumia oksijeni karibu mara mbili ya wenzao.

Hao ni watu wazima, lakini mwili wa kijana nao hufuata kanuni hiyo. Pumzi ndiyo hutangulia kupungua, kwa sababu mazoezi yakikoma, maji ya damu hupungua na moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo.

Basi wiki ya kwanza mwache apumzike, alale vizuri. Baada ya hapo, siku 2 kwa wiki apande njia za kuelekea Uluguru asubuhi kabla ya jua kali, na siku 1 apige pushapu na kuchuchumaa. Nusu saa inatosha. Shule ikifunguliwa, aongeze kidogo kidogo.

Msimu wa mazoezi mazito, sahani nayo iongezeke: maharage, dagaa, mboga za majani na tunda. Binti akikosa hedhi miezi 3 mfululizo, msifurahie kwamba "amepumzika". Huenda anakula kidogo kuliko anachotumia, na mifupa yake huumia. Mpelekeni kituo cha afya. Vivyo hivyo kwa mtoto yeyote anayezimia au kuumwa kifua akiwa mazoezini; huyo asirudi uwanjani kabla ya kupimwa.