Mungu Hakuzidisha Abiria

Misiba ya ajali nchini mwetu ina kauli yake: "Kazi ya Mungu haina makosa." Jirani ataongeza: "Sisi tuliwapenda, Mungu kawapenda zaidi." Tunaitikia amina, majeneza yanashushwa, mwenye gari anakwenda zake.

Kauli hiyo naikataa, na naikataa kama Mkristo.

Jumamosi ya 6 Mei 2017, basi dogo lililowabeba wanafunzi wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha, waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema, lilitumbukia katika korongo la Mto Marera, Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Mvua ilikuwa ikinyesha, na mteremko ule si wa mchezo. Anayeujua huushuka kwa gia nzito. Lakini kesi ilipofika mahakamani Arusha, miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kuzidisha abiria. Jina la Mungu halikuwamo kwenye hati ya mashtaka.

Nikisema hivi hutajiwa Ayubu. Haya, tumsome basi. Kitabu chake kina sura 42, nasi tunaishia ya kwanza, pale alipoinama akakubali. Baada ya hapo analaani siku aliyozaliwa na kumdai Mungu majibu. Mwishoni Mungu anawakasirikia wale marafiki waliojifanya mawakili wake, si Ayubu.

Wengine hushika habari ya watoto watatu waliopona katika ajali hiyo: Mungu ni mkubwa! Ni mkubwa, sibishi. Ila mzazi wa mmoja wa wale 32 utamwambia nini, kwamba maombi yake hayakutosha? Yesu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Na watatu hao walisaidiwa na Wamarekani wa STEMM, shirika la Kikristo, waliokuwa wakipita njia hiyo, wakasimama na kushuka korongoni. Siku chache baadaye watoto walipelekwa Sioux City, Iowa, kutibiwa, wakarejea Agosti. Wamarekani hao nao walimtumaini Mungu.

Kristo mwenyewe, alipoambiwa ajirushe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, aligoma. Huko ni kumjaribu Mungu. Kushindilia watoto garini kisha kuifunika safari kwa damu ya Yesu kunatofautianaje na kujirusha kule?

Mama aliyefiwa akisema ni mapenzi ya Mungu, nanyamaza. Maneno hayo yamemgharimu. Akiyasema mwenye gari, au askari aliyelipungia mkono lipite, anakwepa deni.

Wachungaji na mapadre, kuanzia Karatu hadi Arusha: mkiitwa kuombea safari ya wanafunzi, ingieni kwanza ndani ya gari. Hesabuni viti. Vuteni mikanda. Mwulizeni dereva kama amelala usiku. Watoto wakizidi viti, washusheni waliozidi, ndipo tufumbe macho tuombe.