Jikoni na Mezani: Samaki Hageuzwi

Sajenti mmoja wa polisi, akaaye katika kambi ya Nsambya, alialikwa pamoja na mkewe kula chakula cha jioni katika mkahawa wa Kichina ulioko mlimani Nakasero. Mwenye kuwaalika alikuwa mtoto wa kaka wa mkewe, kijana mfanyabiashara ambaye amekwenda Guangzhou mara kadhaa kununua bidhaa, na ambaye safari moja alisonga mbele mpaka Shantou, mji wa pwani ulio mashariki ya jimbo la Guangdong. Huko alikula mezani pa Wachaozhou, ambao kwa lugha yao wenyewe hujiita Teochew, na tangu aliporudi hachoki kuisimulia meza hiyo. Mkahawa wa Nakasero haukuwa wa watu hao. Lakini kijana alikuwa amezungumza na mpishi mapema, na mpishi akakubali kumpika ngege mmoja kwa namna aliyoelezwa.

Ngege akaja mzima, kichwa na mkia, juu ya sahani ndefu, amezungukwa na mchuzi mwepesi unaong'aa. Hakuwa na rangi ya mafuta wala harufu ya bizari. Sajenti, aliyezoea samaki wa kukaangwa mpaka mapezi yakavunjika kama biskuti, alimtazama kwa mashaka, akaonja, akanyamaza, akaendelea kula. Upande wa juu ulipokwisha, alichukua uma ili amgeuze.

"Hapana, Mzee," kijana alisema kwa adabu huku akiisogeza sahani. "Kwa wale watu samaki hageuzwi."

Sababu yake ni ya watu wa bahari. Katika pwani za kusini mwa Uchina, wavuvi huona kwamba kumgeuza samaki mezani ni mfano wa kuipindua mashua ya mtu aliye majini. Kwa hiyo mlaji akishamaliza upande wa juu, huunyanyua mfupa wa mgongo kuanzia mkiani, ukatoka wote pamoja na kichwa, kisha akaendelea na mnofu uliobaki chini. Sajenti alitaka kucheka, lakini mkewe hakucheka. Yeye alizaliwa Kasenyi, ufukoni mwa ziwa karibu na Entebbe, naye ajua mashua iliyopinduka ni kitu gani.

"Mwache alivyo, Baba watoto," alisema. "Toa mfupa."

Yafaa kueleza hawa Wachaozhou ni watu gani, kwa maana mapishi yao yametokana na maisha yao. Nchi yao ni bonde la mto Han na pwani yake, mahali penye watu wengi na mashamba machache. Bandari ya Shantou ilipofunguliwa kwa biashara ya kigeni mwaka 1860, maelfu kwa maelfu walipanda meli kwenda Siam, Singapore, Malaya na Vietnam kutafuta riziki. Na hata kabla ya hapo walikuwa wakisafiri, kwani Mfalme Taksin, aliyetawala Siam tangu 1767 mpaka 1782, baba yake alikuwa mtu wa Chaozhou. Kila walikokwenda walichukua jiko lao. Ndiyo maana leo mtu aweza kula chakula cha Kiteochew katika Bangkok kama alavyo Shantou.

Chakula chao kimoja huitwa "wali wa samaki," nacho hakina hata punje ya mchele. Ni samaki wazima, bila kuparuliwa magamba, waliopangwa katika vikapu vidogo vya mianzi na kuchemshwa katika maji ya chumvi kali, kisha wakaachwa wapoe na kuliwa baridi pamoja na mchuzi mzito wa soya iliyochachuliwa. Husemwa kwamba jina hilo lilitoka kwa wavuvi ambao mchele uliwapungukia, wakamla samaki mahali pa wali. Msomaji aliyekulia kando ya ziwa hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Katika mkahawa wao wa kienyeji mgeni haletewi kwanza orodha ya vyakula. Huongozwa mpaka penye matangi ya maji na meza za barafu, akawaona samaki, kaa, kamba na chaza, akachagua mwenyewe, na alichochagua kikapimwa kwa mizani mbele yake. Kipimo chao ni jin, yaani nusu kilo. Hapo mwenye busara huuliza bei kabla ya kisu kushuka, maana vyakula vya bahari huuzwa kwa bei ya siku, na mgeni mwenye haya huja kulia wakati wa hesabu. Kijana wa Kasenyi alikiri kwamba hilo lilimpata yeye mwenyewe usiku wake wa kwanza. Kabla ya chakula huja chai kali katika vikombe vidogo mno, vya funda mbili au tatu. Baada ya chakula huja tena. Na mwishoni huletwa uji mzito na mtamu wa magimbi yaliyopondwa kwa mafuta na sukari, jambo ambalo mke wa Sajenti alilisikia kwa mshangao, kwani hakupata kufikiri kwamba magimbi yaweza kuwa tamutamu ya karamu.

Lakini jambo kubwa la meza hiyo ni samaki wa mvuke. Mpishi wa Chaozhou humwekea samaki vitu vya kumfungua ladha, si vya kumfunika: tangawizi iliyokatwa nyembamba kama njiti, nyanya kidogo, uyoga, mboga ya haradali iliyovundikwa kwa chumvi, na tunda moja au mawili ya plamu yaliyokaa katika chumvi mpaka yakawa makali. Haweki zaidi, kwa sababu samaki aliyelala hatasaidiwa na viungo hivyo, atafichuliwa. Katika mapishi ya kukaanga, mafuta ya moto na pilipili huweza kuficha dhambi ya muuza samaki. Mvuke haufichi lolote.

Mama wa kambini asidhani kwamba mapishi haya ni ya kigeni sana. Matoke hupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, na luwombo hali kadhalika; mkono wa Buganda umezoea kazi hiyo tangu zamani. Kinachohitajika ni sufuria pana yenye kifuniko kizito, mawe matatu safi au bakuli lililopinduliwa ndani yake, na sahani ya bati. Ngege wa nusu kilo au zaidi kidogo apasuliwe, asafishwe utando mweusi wa tumboni, ambao ndio wenye uchungu, akaushwe kwa kitambaa, na akatwe mikato miwili kila upande penye mnofu mnene. Asuguliwe chumvi kidogo. Mahali pa plamu patiwe ukwaju uliolowekwa, kiasi cha kijiko. Mahali pa haradali patiwe kabichi iliyokatwa na kukaa katika chumvi siku tatu ndani ya chupa. Tangawizi na nyanya havikosekani.

Kosa la wengi ni kumweka samaki maji yakiwa baridi. Maji na yachemke kwanza mpaka mvuke utoke kwa nguvu, ndipo samaki aingie, na kifuniko kisifunguliwe. Kwa jiko la makaa lenye moto mzuri, dakika kumi hadi kumi na mbili zatosha. Jicho likiwa jeupe na kutokeza nje, na mnofu wa mgongoni ukiachana na mfupa unapoguswa kwa ncha ya kisu, samaki ameiva. Akizidishwa hapo atakuwa kama pamba. Hatimaye vitunguu vya majani vinyunyizwe juu, na mafuta kijiko kimoja yaliyopata moto sana yamwagwe yakilia. Gharama ya mafuta, kama mama atakavyoona, ni ndogo kuliko ya kukaanga mara nyingi.

Basi kazi yote imo katika kununua. Soko la Nakasero liko chini ya mlima uleule wenye mikahawa, na huko yafaa kwenda asubuhi. Jicho la samaki liwe limejaa na lang'aa. Mashavu yakifunuliwa yawe mekundu, si ya rangi ya udongo. Mnofu ukibonyezwa kwa kidole urudi. Apimwe pia urefu. Sheria ya Uganda hairuhusu ngege aliye chini ya inchi 11 wala sangara, ambaye Waganda humwita mputa, aliye chini ya inchi 20. Na haipendezi samaki wa haramu akutwe katika chungu cha mke wa askari. Kuna wakati hata jicho ling'aalo halikutosha kumlinda mnunuzi: mwaka 1999 nchi za Ulaya zilikataa samaki wa Uganda kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, na viwanda vikasimama. Katika nyumba zinazotegemea ziwa mwaka huo haujasahauliwa.

Kuna jambo moja la Wachaozhou ambalo lisiigwe. Hao hupenda kula kaa na chaza wabichi, waliolowekwa tu katika maji ya soya, kitunguu saumu na pilipili. Soya haiui vijidudu, wala kitunguu hakiui minyoo. Na kaa wa maji baridi katika Afrika waweza kubeba minyoo ya mapafu. Kaa na apikwe.

Usiku ule Nakasero, mezani palipokuwa pamebaki mifupa na chai, kijana alimwuliza shangazi yake kama amekumbuka lile bondo la sangara. Bondo ni kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki, kimsaidiacho kukaa majini bila kuzama wala kupaa. Mama akasema, atasahauje? Alipokuwa mtoto, sangara alipokuwa bado mgeni ziwani, mabondo yalitupwa ufukoni wakagombania mbwa na korongo.

"Shangazi, kule Shantou nililikuta katika bakuli la supu," kijana akasema. "Tajiri aliyenialika alinionyesha kwa heshima kubwa, kana kwamba ni dhahabu. Bakuli moja lilizidi bei ya mbuzi."

Naye hakutia chumvi. Bondo kavu ni chakula cha heshima kwa Wachaozhou na Wachina wengine wa kusini. Huliwa katika karamu, hutolewa zawadi, na wazee huamini kwamba humpa nguvu mzazi aliyejifungua. Hulowekwa, hupikwa taratibu kwa tangawizi mpaka likawa laini, kisha hutiwa katika supu nzito. Samaki wa bahari waliokuwa na mabondo bora wamevuliwa mpaka wakaribia kwisha, yule wa pwani ya Uchina kwenyewe na yule wa Meksiko aitwaye totoaba. Ndipo wafanyabiashara wakageukia ziwa letu. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Siku hizi bei ya kilo ya bondo hupita mara nyingi bei ya kilo ya mnofu, na mnunuzi wa bondo husimama ufukoni kabla ya mnunuzi wa samaki. Kadiri sangara alivyo mkubwa ndivyo bondo lake lilivyo na thamani, na sangara wakubwa ndio wazazi.

Mnofu nao huenda viwandani, na mengi ya minofu hiyo hupandishwa ndege. Kinachorudi kwa majirani wa kiwanda ni kichwa na mifupa, ambavyo watu wamevipa jina la "mgongo wazi." Mama asividharau. Mgongo wazi ukichemshwa nusu saa na tangawizi na chumvi hutoa supu nyeupe yenye nguvu. Supu hiyo ikichujwa vizuri, na mchele ukapikwa ndani yake kwa muda mfupi tu, punje zikabaki nzima na maji yakabaki mepesi, huo ndio uji wa samaki ambao Mchaozhou huula asubuhi na usiku. Mtoto mgonjwa huupenda.

Mwaka 2017 jeshi lilipelekwa ziwani kuzuia uvuvi haramu. Nyavu na mashua zisizotimiza sheria zilichomwa moto. Samaki wakaanza kuongezeka, na malalamiko ya wavuvi juu ya ukali wa askari nayo yakafika Bungeni. Katika nyumba ya Sajenti maneno hayo yalikuwa na pande mbili: jirani yake wa zamani alikuwa miongoni mwa askari waliokwenda, na shemeji yake alikuwa miongoni mwa wavuvi. Watu hao wawili walikutana siku moja sebuleni pake, wakala pamoja, na hakuna aliyelitaja ziwa mpaka chai ilipokwisha.

Wiki mbili baada ya karamu ya Nakasero, shemeji huyo alifika kambini kutoka Kasenyi na sangara wa kilo nne amefungwa katika gunia lililoloweshwa maji. Dada yake alipomtazama aliona tumbo limekwisha kupasuliwa.

"Bondo liko wapi, kaka?"

"Limebaki ufukoni. Ndilo lililolipa mafuta ya injini," kaka yake akajibu, akaketi.

Mama akachemsha maji kwanza. Kipande cha mgongo kilikuwa kinene, akakipa dakika kumi na tano; kichwa akakiweka upande kwa ajili ya supu ya kesho.