Kitabu cha Takwimu Bima Kichaguliwe kwa Mtaala

Kijana anayejiandaa kwa mitihani ya takwimu bima, yaani elimu ya kupima hatari za bima na pensheni, mara nyingi huuziwa vitabu vilivyotumiwa na waliomtangulia. Bei yake huwavutia wazazi. Lakini chama cha wanataaluma hao cha Uingereza kilibadili mitaala mwaka 2019: mitihani ya CT1 na CT5 ikaunganishwa kuwa CM1, na ile ya CT3, CT4 na CT6 ikapangwa upya katika CS1 na CS2. Hesabu za riba na za vifo hazikubadilika sana, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika. CM1 ina karatasi ya pili ya kufanywa kwa kompyuta, kwa majedwali ya Excel. CS1 yahitaji programu ya R. Mwenye kitabu cha CT huikabili karatasi hiyo bila ya kuizoea, na akishindwa hungoja miezi kadhaa na kulipa ada upya.

Yafaa basi mtaala usomwe kwanza, kwani chama hicho huutoa bure pamoja na mitihani ya nyuma na taarifa za watahini. Yaliyomo kitabuni yalinganishwe nao, mada kwa mada. Unene si hoja. La maana ni mazoezi yaliyofafanuliwa hatua kwa hatua. (Wanunuao vitabu vitatu kwa mtihani mmoja aghalabu hawamalizi hata kimoja.)

Vitabu vya Marekani navyo ni vizuri, ila mtihani wao wa P ni maswali 30 ya kuchagua jibu. Karatasi ya kwanza ya CM1 hutaka njia ionyeshwe, nayo njia hupewa alama.