Kiki Hailiwi: Mlipeni Dogo wa Ziba Anayechora Magari

Wadau, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inamhusu staa mmoja mkubwa wa hapa mjini, jina kapuni. Wengi wenu mnamfuata, na juzi kati mlimmwagia laiki kwa klipu moja tu: kakaa ndani ya gari la skwea paipu na bati, anacheka mpaka jino la mwisho, anasema, "Dogo ni noma, huyu namchukua mimi."

Klipu mliiona. Kilichofuata hamkukiona.

Gari lile liko Ziba, wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Mwenye nalo ni fundi wa kuchomelea. Mchana anatengeneza mageti, madirisha na tela za kuvutwa na pikipiki. Usiku anachora magari kwenye daftari la shule. Hajasomea popote. Alianza na magari ya udongo na ya waya kama sisi wote, tofauti ni kwamba sisi tuliacha. Injini kaitoa kwenye pikipiki ya matairi matatu iliyokufa, taa ni za bodaboda, usukani ni wa gari bovu. Na linatembea. Ndoto yake kaniambia kwa maneno machache: anataka siku moja alipwe kwa kuchora magari.

Staa alikuwa njiani kwenda kwenye shoo Mwanza. Kasimama, kashuka, kashuti. Timu yake ikabandika stika ya brandi ya bosi kwenye boneti, ikamwambia dogo asiitoe, ikaondoka. Siku tatu pale kijiweni ni watu wa kupiga picha tu. Mteja wa geti akaona kazi yake imelala, akadai advansi yake, akaenda kwa fundi mwingine. Simu ya staa haipokelewi.

Halafu meneja akatuma karatasi kwa WhatsApp.

"Kaka," dogo akaniuliza, "nikisaini hii, hata lile daftari langu la zamani linakuwa lao?"

Ndiyo, mdogo wangu. Imeandikwa "michoro yote, iliyopo na itakayokuja". Na sehemu ya malipo imeandikwa neno moja: promosheni.

Najua mtakachosema. "Bila staa nani angemjua?" Sawa. Lakini tuulizane: huyo staa akiitwa shoo Mwanza, analipwa promosheni? Promota akimwambia "njoo uimbe bure, watu wakujue", atapanda gari? Anataka advansi kwenye akaunti kabla hajafunga begi, na yuko sahihi kabisa, maana ile ni kazi yake. Sasa kuchora gari kukiwa kazi ya mtu wa Ziba, ghafla kunageuka kipaji cha kupongezwa. Vijiti vya kuchomelea havinunuliwi kwa pongezi.

Na watu wa kule mnawachukulia poa kwa sababu hamjui historia. Karne ya 19 misafara kati ya pwani na Ujiji ilipita Tabora, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Hawakuwa watu wa kubeba ili wajulikane. Upagazi ilikuwa kazi ya ujira, watu wanapatana kabla ya kuinua mzigo, na njiani kuna posho. Mkuu wa msafara akileta ujanja, watu walikuwa tayari kutua mizigo au kutoroka. Leo mjukuu wao anaambiwa abebe brandi ya mtu mwingine kwenye boneti, bure, na bado ashukuru.

Kundi la pili ninalogombana nalo ni nyinyi wa komenti. "Jiko la mkaa lenye matairi." Nilicheka? Nilicheka, sikatai. Lakini Machi 2022 Masoud Kipanya, mchora katuni tunayemjua wote, alipozindua Dar gari lake la umeme la Kaypee, kuna watu walicheka vilevile. Mchora katuni, jamani! Mtu aliyezoea kalamu akaamua mchoro utoke kwenye karatasi utembee barabarani. Na Kipanya alikuwa na jina na redio ya kusemea. Dogo wa Ziba ana grinda na daftari.

Kama mnadhani wachora magari wa maana wanazaliwa studio, mtafuteni Horacio Pagani. Mtoto wa mwoka mikate, Argentina, alikuwa anachonga vigari vya mbao akiwa mdogo. Akaenda Italia, akaanza kazi za chini kabisa pale Lamborghini, na mwaka 1999 akatoa Zonda yake mwenyewe. Na udongo tuliochapwa nao kwa kuchafua shati? Studio kubwa za magari mpaka leo zinafinyanga gari zima kwa udongo maalumu kabla ya kulitengeneza kwa chuma. Tofauti ya Pagani na dogo wetu si utoto wao. Pagani alipata sehemu ya kufanyia kazi, akalipwa huku anajifunza.

Kundi la tatu ni waheshimiwa. Hao jina kapuni wote. Klipu ikitrendi wanakuja na suti, wanakaa kwenye usukani, wanasema "serikali itamshika mkono", selfi, kwaheri. Ahadi ya jukwaani haijawahi kutengeneza gari. Kenya mwaka 1986 Rais Moi aliwapa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi ya kutengeneza gari la taifa. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer likazinduliwa kwa mbwembwe. Yalitoka magari matano ya majaribio, fedha za kiwanda hazikupatikana, ikaishia hapo. Wataalamu walikuwepo, rais alikuwepo, shangwe ilikuwepo. Haikutosha.

Waganda walikwenda tofauti. Wanafunzi na walimu wa Makerere walitoa Kiira EV mwaka 2011, kigari cha umeme cha watu wawili. Na wao wangeweza kuishia kwenye picha. Lakini serikali iliweka hela, ikawa kampuni, na mwaka 2016 wakaonyesha basi, Kayoola. Umeona? Wametoka kwenye kigari cha watu wawili wakaenda kwenye basi, kwa sababu basi ndilo linalopandwa na Waganda wengi. Hapo ndipo mchoro unapogeuka ajira.

Na hapa, dogo, nikuseme na wewe, maana nakupenda. Ile kurasa ya gari la milango ya kupaa juu, aliyoishuti staa, ni nzuri kwa kiki. Lakini nenda kurasa tatu mbele, pale ulipochora tela.

Wadau, ngojeni niwaeleze hii tela. Ukipakia gunia za mpunga nyingi nyuma ya ekseli, tela linainamia nyuma, linainua mkia wa pikipiki, tairi la nyuma linakosa mshiko, dereva anaruka nalo mtaroni. Dogo aliona hilo kwa wateja wake. Akachora ekseli inayosogezwa kwa pini, mbele au nyuma, kulingana na mzigo, na breki kwenye matairi ya tela lenyewe, ili pikipiki isisukumwe na mzigo kwenye mteremko. Hiyo ndiyo kazi ya mbunifu wa magari: kujua uzito unakaa wapi, gari linasimamaje, nani analitumia. Staa aliifunua ile kurasa, hakuona cha kushuti, akapita.

Lakini ile karatasi ya meneja haikupita. "Michoro yote" ni pamoja na tela. Yaani dogo akisaini, siku mtu akitaka kutengeneza tela zile kwa wingi, hela inakwenda kwa mtu ambaye hajui hata Ziba iko upande gani wa Nzega.

Kwa hiyo dogo, usisaini. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mwenye kuchora tangu anapochora, mchoro ni wako mpaka wewe mwenyewe uutoe. Lakini hakimiliki inalinda mchoro wenyewe. Ule ujanja wa ekseli ni habari ya hataza, na hiyo inaombwa BRELA, kwa hiyo usiuanike kila mahali kabla hujaulizia. Nenda VETA ukajifunze kuchora kwa vipimo, ili fundi mwingine asome mchoro wako bila wewe kuwepo. Nenda SIDO ukawaonyeshe tela, na lile gari la milango ya kupaa libaki kwenye daftari kwanza. Litakusubiri.

Na wewe staa, unajijua. Sikutukani, nakudai. Ulitumia gari la mtu, kijiwe cha mtu na sura ya mtu kwa siku zenye posti za matangazo yako. Mlipe kama unavyomlipa mwenye gari la kifahari unapokodi kwa ajili ya video. Lile unalilipia, sivyo? Kisha ifute ile karatasi.

Sisi wengine tuliolaiki tuna deni dogo zaidi. Tukiletewa klipu nyingine ya fundi wa kijijini, swali la kwanza liwe moja tu: kalipwa shilingi ngapi? Na kama una ndugu Igunga au Nzega anayebeba mpunga kwa pikipiki, mwambie kuna dogo Ziba anatengeneza tela. Oda moja inamsaidia kuliko laiki zetu zote.

Anayeona nimemuonea staa aje na hoja. Matusi nafuta.