Kufungiwa Kumeisha, Leseni Bado

Ukifungiwa leseni Uingereza kwa kuendesha gari huku umekunywa, washauri watakufikia kabla ya barua ya idara ya leseni. Mmoja ni binamu wa mtu aliyewahi kufungiwa, mwingine ni kinyozi, wa tatu amekutumia ujumbe mrefu wa sauti. Wanapingana kwa mengi, ila wote wanaamini jambo moja: kwamba uchunguzi wa daktari unaofuata ni mtego, na kila mtego una upenyo. Kwa maoni yangu imani hiyo imewachelewesha wengi kurudi barabarani. Haya ndiyo wanayoyasema, na haya ndiyo majibu.

"Miezi yako ikiisha, unawasha gari unaenda."

Hapana. Aliyefungiwa siku 56 au zaidi hana tena leseni. Inabidi aombe upya. Kwa dereva wa kawaida, DVLA, idara ya leseni iliyoko Swansea, hutuma fomu ya kuomba siku 56 kabla ya adhabu kuisha. Lakini lipo kundi lingine, wale wanaohesabiwa kuwa wa hatari kubwa, na hao hutumiwa fomu siku 90 kabla. Siku hizo za ziada si zawadi. Zimewekwa kwa sababu lazima wapite kwa daktari kwanza.

Unaingia kundi hilo ukipuliza mikrogramu 87.5 au zaidi za pombe katika mililita 100 za pumzi. Piga hesabu uone namba hiyo imetoka wapi: kiwango halali England na Wales ni 35, nayo 87.5 ni mara mbili na nusu yake. Mwezi Desemba 2014 Scotland walishusha kiwango chao hadi 22, kwa hiyo huko 87.5 inakaribia mara nne. Unaingia pia ukifungiwa mara mbili ndani ya miaka kumi kwa makosa ya pombe, hata kama mara zote mbili ulizidisha kidogo tu.

Dereva wa kawaida ambaye maombi yake yamepokelewa na muda wake umekwisha anaweza, kwa masharti, kuendesha huku akisubiri kadi. Wa hatari kubwa haruhusiwi. Tangu tarehe 1 Juni 2013 sheria inataka daktari amalize kazi yake na leseni itolewe kwanza. Wengi hunaswa hapa: adhabu iliisha Ijumaa, Jumatatu mtu yuko kwenye usukani, hana leseni, na bima yake huenda haina thamani ya karatasi iliyochapishwa. Kukosa bima peke yake ni pointi 6 au zaidi, na gari linaweza kuvutwa papo hapo.

Jambo dogo ila zito kwa watu wetu wanaohamahama vyumba: barua hizo huenda kwenye anwani iliyoko kwenye kumbukumbu za DVLA. Waandikie ukihama.

"Ukikataa kupuliza, hawana ushahidi."

Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote, na hutolewa kwa sauti ya kujiamini kuliko yote. Dereva anayekataa kutoa kipimo bila sababu ya msingi huwa amefanya kosa lingine kamili, lenye adhabu ya kufungiwa isiyopungua miezi 12. Isitoshe, anaingizwa moja kwa moja kwenye kundi la hatari kubwa. Yule aliyekunywa kidogo, ambaye angepuliza 40 na kubaki dereva wa kawaida, amejipeleka mwenyewe kwa daktari.

"Nilisoma kozi, kwa hiyo daktari simhitaji."

Kozi ya madereva walevi hutolewa na mahakama, na anayeimaliza kwa wakati hupunguziwa kwa kawaida robo ya adhabu. Ukifungiwa miezi 20 unatoka na 15. Ni kozi nzuri, ichukue. Ila inapunguza muda tu. Haikuondoi kwenye kundi la hatari kubwa wala haikusamehe uchunguzi.

"Wanakuadhibu mara mbili kwa kosa moja."

Hili nalielewa, maana kwa mwenye kulipa linauma vilevile: faini, kozi, ada ya leseni mpya, na malipo ya daktari ambayo yanatoka mfukoni mwako. Lakini hakimu na daktari hawaulizi swali moja. Hakimu aliuliza ulifanya nini usiku ule. Daktari anauliza unakunywaje sasa. Aliyejibu la kwanza vibaya anaweza kulijibu la pili vizuri, na ndiyo sababu ya kumwita. Mkosaji wa hatari kubwa ambaye leo hanywi ovyo anapewa leseni yake.

"Kunywa maji mengi siku tatu kabla, na limao na tangawizi."

Hapa inabidi tukae kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotezea pesa zao.

Chumbani kwa daktari, ambaye ameteuliwa na DVLA na si yule wako wa siku zote, kuna fomu ya maswali: unakunywa nini, siku zipi, kiasi gani, umewahi kutibiwa kwa ajili ya pombe. Anapima presha, anakugusa tumbo upande wa ini, anakuambia unyooshe mikono aone kama vidole vinatetemeka. Kisha anatoa damu. Damu hiyo haitafutwi pombe. Pombe ya jana ingekuwa imeshatoka, kwa sababu mwili huondoa takriban yuniti moja ya pombe kwa saa. Kinachotafutwa kinaitwa CDT.

Ini hutengeneza protini inayosafirisha madini ya chuma katika damu. Kwa kawaida protini hiyo hubeba minyororo midogo ya sukari. Mtu akinywa sana kila siku kwa wiki kadhaa, ini huanza kutoa protini zilizopungukiwa minyororo hiyo. Maabara hupima ni asilimia ngapi ya protini zote zimepungukiwa. Kwa vipimo vya DVLA, hadi 2.2 hakuna tatizo. Kati ya 2.3 na 2.9 wanachunguza zaidi, 3.0 kwenda juu kwa kawaida unakataliwa.

Basi angalia maji yanaweza kufanya nini. Kinachopimwa ni uwiano. Ukimwaga ndoo ya maji kwenye gunia la maharage, yaliyooza hayapungui kwa kila mia. Limao nalo halina njia ya kurudisha sukari kwenye protini. Kinachoshusha CDT ni kuacha au kupunguza kweli, na hushuka taratibu, takriban nusu kwa wiki mbili. Siku tatu hazifui dafu.

Upande wa pili wa uvumi huu ni woga usio na msingi: kwamba bia moja harusini itakuangusha. Haitakuangusha. Kipimo hiki kwa kawaida hupanda kwa mtu anayekunywa kiasi cha yuniti 6 hadi 10 kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Painti moja ya bia ya asilimia 4 ina yuniti 2.3, kwa hiyo tunazungumzia painti tatu au nne kila jioni, mfululizo. Huyo si mtu aliyeonja champeni ya bwana harusi.

"Kipimo hicho kimewekwa kuwaonea Waafrika."

Wenye kusema hivi hawajui kwamba nyuma ya uvumi wao kuna chembe ya ukweli wa kisayansi. Ile protini ina aina kadhaa za kurithi, na aina moja, inayoitwa D, hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Baadhi ya mbinu za kupimia ziliweza kuihesabu vibaya. Mbinu zinazotenganisha kila aina na kuionyesha peke yake huigundua. Magonjwa machache ya ini na ujauzito pia vinaweza kuvuruga matokeo. Kwa hiyo kama kweli hunywi na jibu limekuja juu, usiishie kunung'unika. Uliza kwa maandishi ni mbinu gani iliyotumika, na mwombe daktari wako wa kawaida aandike anachokijua. Hiyo ni hoja. "Wanatuonea" si hoja.

"Kwenye fomu sema hunywi kabisa."

Kunywa kwa kiasi si kizuizi cha leseni. Kizuizi ni karatasi inayosema hugusi pombe na damu inayosema 3.4. DVLA inaweza, kwa idhini yako, kuomba rekodi zako za hospitali, na kutoa maelezo ya uongo ili upate leseni ni kosa la jinai.

"Nina leseni ya Kenya," au ya Tanzania, "nitaendesha na hiyo."

Mahakama haikufungia kadi ya plastiki, imekufungia wewe. Leseni ya nyumbani humruhusu mgeni kuendesha Uingereza kwa miezi 12 tangu awe mkazi, lakini haimfungulii aliyefungiwa. Anayekamatwa akiendesha wakati wa kufungiwa anaweza kupelekwa jela, hadi miezi sita England na Wales. Ukienda Mombasa likizo, hayo ni kati yako na polisi wa Kenya na kipimo chao cha pumzi, Alcoblow.

"Wakikukataa ndiyo basi."

Barua ya kukataa hueleza sababu, na sababu ndiyo inayokuonyesha muda. Wakiona unatumia pombe vibaya, wanataka angalau miezi sita ya kuacha au kunywa kwa kiasi. Wakiona ni utegemezi, wanataka mwaka mmoja bila pombe. Kwa madereva wa malori na mabasi ni mwaka mmoja na miaka mitatu. Unaweza kuomba tena baada ya hapo.

Rufaa ipo: England na Wales unayo miezi sita kuipeleka mahakama ya hakimu, Scotland ni siku 21 tu. Lakini ukishindwa unaweza kulipishwa gharama za DVLA, kwa hiyo kabla hujamtafuta wakili, ongea na daktari wako kuhusu kupima CDT tena. Ikiwa jibu jipya bado liko juu, pesa ya wakili itakuwa imeokolewa.