Studio ya Coppola: pesa ziliisha, sauti ikabaki

Megalopolis ya Francis Ford Coppola ilipotoka 2024, ilikuwa imekula takriban dola milioni 120, nyingi kutoka mfukoni mwake. Tiketi dunia nzima hazikufikisha hata milioni 20. Wanaoijua kampuni yake, American Zoetrope, hawakushangaa sana. Ndivyo ilivyoanza.

Coppola na George Lucas waliifungua San Francisco mwaka 1969, wakiwakimbia mabosi wa Hollywood. Wakajaza mitambo ya kisasa ya sauti na uhariri kutoka Ulaya. Kumbe uhuru wenyewe ulikuwa wa mkopo! Hela zilitoka Warner, na Warner walipoiona THX 1138 hawakuipenda, wakataka chao. Coppola akaenda kuwafanyia Paramount kazi ya The Godfather, kwa sehemu kubwa sababu ya madeni.

Fundi wa sauti pale alikuwa Walter Murch. Hakuwa kwenye chama cha wafanyakazi wa Hollywood, hivyo jina lake halikuweza kuandikwa kama mhariri wa sauti. Ikabidi watafute cheo kingine. Kufikia Apocalypse Now (1979) aliandikwa kama msanifu wa sauti, cheo ambacho leo kiko karibu kila filamu. Humo helikopta inamzunguka mtazamaji, inampita kichwani, inatokea nyuma. Mpangilio ule wa spika ndio uliozaa 5.1, ile inayouzwa madukani kwa ajili ya sebule. Filamu ikabeba Oscar ya sauti.

Lakini hakuna anayemlipa Zoetrope kila spika ya nyuma inapouzwa. Studio huru inalipwa kwa kazi iliyopo mezani tu. Chumba kikikaa kitupu, deni halisubiri. Mwaka 1982 One from the Heart iligharimu dola milioni 26, Marekani ikarudisha chini ya milioni moja. Studio aliyoinunua Hollywood ikauzwa.

Hata waliofanya vizuri hawakupona. Saul Zaentz Film Center ya Berkeley ilichanganya sauti ya The English Patient, iliyoshinda Oscar ya sauti. Jengo liliuzwa 2007.

Na Lucas? Naye alijenga ya kwake, Skywalker Sound, na bado inapiga kazi hadi leo. Tangu 2012 ni mali ya Disney.