Betri Mpya na Deni la Betri Iliyokufa

Mkulima wa Mashewa, wilayani Korogwe, ambaye nyumba yake iko mbali na nguzo za umeme, hulitegemea jua mchana na betri usiku. Jua halina bei. Betri ndiyo hununuliwa, huchoka na hutupwa. Kwa hiyo hapana budi kupima kwa makini faida na hasara za betri mpya inayokuja kuchukua nafasi ya ile ya zamani.

Betri ya madini ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ni nzito, lakini bei yake ni nafuu na mafundi wengi wanaifahamu. Kasoro yake ni kwamba haistahimili kutumiwa hadi ikauke. Betri ya ampea-saa 100 kwa volti 12 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini yafaa itumike nusu tu. Ikitunzwa hivyo, huchajiwa mara 500 hivi.

Betri za ioni za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991. Aina inayofaa zaidi majumbani ni ile ya lithiamu, chuma na fosfati, iliyotokana na utafiti wa John Goodenough na wenzake nchini Marekani katika miaka ya 1990. Ikiwa na ukubwa ule ule, huweza kutoa asilimia 80 ya akiba yake na kuchajiwa mara 2,000 au zaidi. Maana yake ni kwamba katika uhai wake hutoa umeme zaidi ya mara sita ya ule wa betri ya risasi. Hata ikiuzwa kwa bei mara tatu, mnunuzi hapati hasara.

Hata hivyo, bei hiyo hudaiwa siku moja, na mkulima hupata fedha kwa msimu. Tena betri hii hulindwa na saketi iliyofungiwa ndani. Ikiharibika, fundi wa kijijini aliyezoea kuongeza maji ya betri hana la kufanya.

Jambo zito zaidi ni mwisho wa betri. Ya risasi hutafutwa na wanunuzi kwa sababu huyeyushwa upya, ingawa uyeyushaji wa ovyo huua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na sumu ya kiwanda cha namna hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri ya lithiamu, chuma na fosfati haina risasi, lakini masalio yake yana thamani ndogo. Kwa hiyo ni rahisi kutelekezwa shambani, na ikitobolewa yaweza kuwaka moto.

Betri mpya yastahili kupokewa, kwa masharti mawili: iuzwe kwa malipo ya awamu yanayofuata mavuno, na muuzaji alazimishwe kisheria kuipokea ikifa na kumrudishia mnunuzi sehemu ya bei. Anayefaidika kwa kuileta Mashewa ndiye apaswaye kuiondoa.